Mgowe Usio na Pombe

Bucha ninakonunua nyama hapa Kihesa, mjini Iringa, bado wanatumia mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa duara na ndoana chini yake. Kijana wa pale hunicheka. Kila akitundika paja la ng'ombe, mimi hurudi nyuma mpaka mlangoni, nikijifanya natazama magari yanayopita. "Mama, unaogopa nyama au unaogopa bei?" huniuliza. Namwambia naogopa bei. Mwanamke wa umri wangu akianza kueleza kwamba anaogopa ndoana, wataambiana kwamba bibi wa watu ameanza kuchoka kichwa.

Ila ninyi mliokua wakati mmoja nami mtanielewa. Mnaukumbuka ule unga wa njano uliokuja kwa malori mvua zilipokataa, tukaubatiza yanga, ugali wake ukinuka ghala na kukatika mkononi kama mchanga. Tuliula huku tukinuna. Baadaye hata huo ukawa wa kugombewa, na hakuna aliyenuna tena.

Kijiji chetu kilikuwa kipya, kwenye vilima vya kusini mwa Iringa, kule ambako ukungu wa asubuhi hukuzuia kuona mlango wa jirani. Tulikuwa tumehamishiwa hapo kila ukoo kutoka bonde lake, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara. Mashamba yetu ya zamani yalibaki mbali, na mahindi tuliyoyaacha shambani yaliliwa na nyani. Baba alikuwa upande wa Mbeya kwenye ujenzi wa reli mpya. Alikuja siku za Pasaka, akaleta blanketi na sukari, akarudi kazini. Baada ya muda tumbo la mama likaanza kuonekana, na mdogo wangu Zeki, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede, akaachishwa ziwa siku hiyohiyo mama alipojijua. Kwetu mtoto hanyonyi maziwa ya mimba. Akawa anakula tulichokula sisi, uji mwepesi wa yanga na chumvi.

Hapo ndipo Zeki alipoanza kunenepa. Nasema kunenepa kwa sababu ndivyo nilivyoona. Sisi wengine mbavu zilikuwa zinahesabika, yeye mashavu yakajaa, miguu ikawa ya mviringo na kung'aa, hata viganja vikatuna. Nywele zake zikageuka rangi, zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi mabichi. Niliona fahari. Hakuwa analia tena wala kusumbua, ukimweka hapa unamkuta hapa. Kusimama dede aliacha, nikadhani ni uvivu wa mtu mnene. Nilijiambia kwamba katika kijiji kizima cha watoto wembamba, sisi ndio tuna mtoto aliyeshiba.

Fahari hiyo ilikufa siku Rehema, rafiki yangu wa nyumba ya pili, aliponivuta nyuma ya choo chao na kuninong'oneza.

"Umesikia? Kuna chinja-chinja wamekuja na gari la kliniki. Wana mizani."

"Ya nini?"

"Ya nini tena? Ile ya bucha. Wanawaning'iniza watoto. Wembamba wanawarudisha kwa mama zao. Wanono ndo wanachukuliwa, wanatolewa damu." Akanitazama kwa huruma. "Na nyie Zeki wenu sasa, mh!"

Kama mlikulia mikoa yetu, habari za chinja-chinja hamhitaji kuelezwa. Tulizinywa pamoja na maziwa. Gari lolote tusilolijua lilipotokea tulijitupa kwenye majani, na mtu mzima aliyetembea peke yake na begi alikuwa na kesi ya kujibu. Lakini zile zilikuwa hofu za kukimbia na kucheka baadaye. Hii ilikuwa imeingia ndani ya nyumba yetu na kukaa kwenye mashavu ya mdogo wangu.

Nilikwenda nyumbani nimkute mama nimwambie. Sikumwambia, maana nilikuta ameshajua, au ndivyo nilivyodhani. Alikuwa amempeleka Zeki chumba cha ndani, kule tunakoweka majembe, amemfunika kwa blanketi la baba.

"Kuanzia leo usimtoe nje," aliniambia. "Mtu akiuliza, sema amelala. Watu wa hapa hatuwajui, wana macho na wana midomo."

"Ndiyo, mama."

"Hata Rehema."

"Ndiyo."

Niliona kwamba mama anaogopa nilichokuwa nikikiogopa mimi, na mtoto akigundua kwamba mama yake anaogopa, dunia inabaki bila ukuta wa nyuma. Nilianza kumlinda Zeki kwa akili yangu. Nilimpaka majivu mashavuni yasing'ae. Kila sauti ya injini barabarani ilinirudisha ndani mbio. Nilikuwa naamka na kupapasa palipo Zeki kabla sijafumbua macho.

Sasa huko nje wanawake walikuwa wameanza jambo. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mama Sikitu, mama mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwonyesha kwamba watoto wa nyumba zake wanadhoofika, na yeye akaamua kuitisha mgowe. Kwa mgeni wa kwetu niseme kwamba mgowe ni kulima pamoja. Mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanalima shamba lote, kisha wanakaa kunywa. Ila mgowe huu ulikuwa wa ajabu. Shamba lilikuwa la watoto, la maharage na karanga, na baada ya kulima hakungekuwa na pombe. Kingepikwa chungu cha uji, watoto wakanywa, wakubwa wakatazama.

Wanaume walicheka mpaka wakakohoa. "Mgowe mkavu!" walisema. "Mama Sikitu anataka tulime kwa harufu ya uji." Lakini wanawake walikwenda nyumba kwa nyumba na ungo. Ulichonacho unatia: kibaba cha yanga, konzi ya karanga, maharage, dagaa wa Nyasa wa kusaga. Walipofika kwetu mama alitoa maharage kidogo kupitia mlango ulioachwa wazi kwa upana wa mkono. Alisema siku ya kulima hatakwenda, anaumwa mgongo kwa ajili ya mimba. Hawakubishana naye.

Alichosahau mama, au alichotumaini wengine wamesahau, ni sheria ya mgowe. Mtu wa kundi akishindwa kuja kwa ugonjwa, sehemu yake haiachwi ikapoa. Wenzake wanaibeba mpaka mlangoni kwake, na yeye haruhusiwi kuikataa, kwa sababu kuikataa ni kujitoa. Kama ni pombe inabebwa pombe.

Siku ya mgowe nilikaa mlangoni nikisikia majembe na nyimbo upande wa mtoni. Hata wanaume wachache walikuwa wamekwenda, wakilima huku wakinung'unika kama waliotozwa kodi. Jua lilipopanda nyimbo zikakoma. Halafu zikaanza tena, na safari hii zilikuwa zinasogea.

Nilichungulia. Walikuwa wanakuja kwetu. Mbele Mama Sikitu, nyuma yake wanawake wamebeba chungu kwa mti uliopitishwa kwenye kamba, wanaimba, jasho na udongo miguuni. Na katikati yao mwanamke mwenye gauni jeupe, begani amening'iniza kile kitu, uso wake wa duara ukimeta juani na ndoana ikicheza kila akitembea. Nikaona chungu na nikaona ndoana, na akili yangu ya utoto ikaviunganisha vitu viwili hivyo kwa namna ambayo mpaka leo sipendi kuiandika.

"Mama! Wanakuja na chungu!"

Mama alitazama. Aliingia ndani mbio na tumbo lake, akamtoa Zeki na blanketi lote, akanifunga naye mgongoni kwa mbeleko. Fundo lilimshinda mara ya kwanza.

"Pita nyuma. Nenda kwenye milanzi. Usitoke mpaka nikuite mimi mwenyewe."

Nikakimbia. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kichaka cha milanzi, ile mianzi ya kugemwa pombe ya ulanzi, imesongamana kiasi kwamba mtu mzima haingii bila panga. Nilijipenyeza mpaka katikati nikachuchumaa. Kutoka pale niliona uwanja wetu vipande vipande na kusikia kila neno.

"Kamwene, Mama Zeki," alisema Mama Sikitu.

"Kamwene."

"Pole na mgongo. Tumeleta sehemu yako. Na mtoto tumemletea ya kwake. Yuko wapi?"

"Zeki hayupo. Nimempeleka kwa bibi yake, Mgololo."

"Mgololo! Lini?"

"Juzi."

Nikamfungua Zeki nimpakate, nimzibe mdomo asije akalia. Hakukuwa na haja. Alinitazama tu, macho yake mazito kama ya mtu aliyekaa kwenye mkutano mrefu. Hapo ndipo nilipohisi kitu cha ajabu. Nilikuwa nimekimbia naye na sikuchoka. Mtoto mnene vile alitakiwa kunivunja mgongo, lakini mikono yake ya juu, chini ya blanketi, ilikuwa fimbo. Nikafunua. Ngozi ya paja ilikuwa imebanduka kama rangi ya mlango wa zamani, na ndani yake pekundu. Nikamshika mguu, ule mguu wa kung'aa niliojivunia, nikambonyeza kwa kidole gumba nimchekeshe. Kidole kikazama. Nilipokitoa, shimo likabaki.

Nikangoja lijae. Halikujaa. Nikabonyeza pengine, likabaki la pili. Nilipiga mayowe bila sauti. Sijui niliwaza nini hasa, labda kwamba ndani ya mdogo wangu hakuna mtu tena, kumejaa kitu kingine. Najua tu kwamba hofu ya ndoana ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa kule uwanjani, na hii ilikuwa mikononi mwangu. Huko nje kulikuwa na watu wazima. Hata kama ni wachinjaji, walikuwa watu wazima.

Nikatoka kwenye milanzi nikilia, nimembeba mbele kama kuni.

"Mama," nilisema, "miguu yake inabaki na mashimo."

Mama aliniona, akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Mama Sikitu alimpokea Zeki, akambonyeza unyayo, akautazama. Wanawake wote wakatazama. Nikasikia sauti ya mmoja nyuma, Mama Tumaini, mwenye ulimi, akiuliza polepole kama anayeuliza habari za mvua:

"Hivi baba yake alikuja lini vile?"

Sikuelewa swali. Niliona tu mama amefunika uso kwa kanga. Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba wenzake walikuwa na neno lao, kubemenda, na kwamba kwa imani ya siku zile mtoto akivimba hivyo ni kwa sababu wazazi wake wamekutana kabla ya wakati. Mama alikuwa hamfichi Zeki kwa chinja-chinja. Alikuwa anaificha aibu, kwenye kijiji cha wageni, mume yuko mbali na tumbo liko mbele ya macho ya wote.

"Nyamaza wewe," Mama Sikitu alimwambia Mama Tumaini. Halafu sauti yake kubwa ile ikawa ndogo, mpaka nikaogopa upya. "Wa kwangu alivimba hivihivi, kule tulikotoka. Nilimfungia ndani. Nikamzika ndani ya shuka, nikawaambia watu ni degedege."

Kisha mwanamke mwingine aliyekuwa ameshika mti wa chungu, ambaye sikumjua jina, akasema, "Na wangu." Akaongeza, "Wawili." Mama Tumaini alichukua kikombe cha bati, akakitumbukiza kwenye chungu, akakileta, akampa mama mkononi.

Walipomning'iniza Zeki kwenye boriti ya jiko, ndani ya kitambaa chenye matundu ya miguu, nilimng'ata muuguzi mkono. Alinishika kichwa taratibu akanitoa. "Huyu meno anayo," alisema. "Utapiamlo haujamfikia." Wengine wakacheka, mimi sikucheka. Nilimshika Zeki mguu mpaka aliposhushwa, na waliponirudishia nikashangaa kwamba wamenirudishia.

Ningependa kusema kwamba hapo hofu iliisha. Iliongezeka. Kila siku nyumba moja ilipika uji wa karanga na maharage, na watoto tulikwenda na vikombe. Zeki alilishwa kwa kijiko, akitema zaidi ya alichomeza. Na badala ya kunenepa akaanza kupungua. Mashavu yalishuka, miguu ikanywea, ngozi ikakunjamana, ukatokea uso wa kizee kidogo kilichokuwa kimejificha mle muda wote. Muuguzi aliporudi na mizani yake, mshale ulisimama chini ya ulipokuwa mwanzo.

"Unaona?" Rehema aliniambia. "Wanammaliza polepole, na uji."

Hakusema peke yake. Akina mama kadhaa waliacha kuleta watoto. Niliwasikia wakisema uji ule unanyonya. Mama alikaa na kikombe mapajani, Zeki amelala mkononi mwake, kijiko kimesimama hewani. Mimi nilisimama pembeni nikiomba asimpe, kisha nikiomba ampe, maana sikujua kipi kinaua.

"Alikuwa amejaa maji," muuguzi alimwambia. "Maji ndiyo yanatoka. Huyu unayemwona sasa ndiye mwanao mwenyewe."

"Na ukikosea?" mama aliuliza.

Muuguzi aliwaza. Alikuwa msichana tu, sasa ndiyo naona. "Nikikosea nitakuja kukaa na wewe hapa," alisema. "Sitapitia barabara nyingine."

Mama akamlisha. Mama Tumaini naye, mwenye ulimi, akaja akakaa upande wa pili, akawa anamshika kichwa kisianguke. Walifanya hivyo mfululizo, kikombe baada ya kikombe, wakisemezana habari za mbegu na ukungu, huku mimi nikimtazama mdogo wangu kifua kama bado kinapanda. Asubuhi moja kikombe kilichelewa. Zeki akageuza shingo yake nyembamba, akakitafuta, akakiona mkononi mwangu, akafungua mdomo na kupiga kelele za hasira. Mama alimwacha alie kwanza. Alikuwa anacheka na kamasi zinamtoka, akawaita wenzake waje wasikie.

Zeki sasa ana kitambi cha kweli, anaendesha lori kati ya Iringa na Mbeya, na ukimwambia habari hizi anasema nimetunga. Shamba la watoto liliendelea kulimwa miaka yote tuliyokaa pale, na wanaume wakazoea mgowe mkavu, wakanung'unika kwa mazoea tu.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile zamu ya kupika ilipofika kwetu. Kulikuwa na familia mpya imeletwa mwisho wa kijiji, karibu na kijito, na haikutoka kuja mgowe. Mama, tumbo limefika puani, alisema wabebe chungu kwenda kwao. Mimi nilibeba vikombe, nikatembea mbele pamoja na muuguzi na mizani yake begani.

Uwanjani kwao kulikuwa na msichana wa kimo changu. Mgongoni alikuwa na mtoto, na nje ya mbeleko niliona kichwa chenye nywele nyekundu, laini. Aliiona mizani. Alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, akaangalia kama kuna pa kukimbilia, hakukuwa na milanzi wala kichaka. Halafu akanitazama mimi, na niliona jinsi anavyoniogopa.

Nilitaka kumwambia mambo mengi, kuhusu Zeki na maji na mashimo, lakini yeye alikuwa wa kabila lingine, na Kiswahili changu cha shule hakikutosha kwa maneno hayo. Nikachota uji kwenye chungu, nikaunywa mbele yake, wote, mpaka ukanifanyia masharubu. Akanitazama, akingoja nianguke. Nikabaki nimesimama. Nikakijaza kikombe tena, nikakinyoosha kwake.

Alikuwa bado ananiogopa alipogeuka, akanipa mgongo, ili nimfungue mtoto.